Semina ya siku tatu kwa mwanaharakati mpya wa chama cha wafanyakazi: siku ya pili ndiyo semina yenyewe

Tutoe hukumu kwanza. Semina ya msingi ya siku 3 ambayo vyama vya wafanyakazi huwapa wanaharakati wapya inamfaa yeyote aliyechaguliwa kuwasemea wenzake kazini, ilimradi zaidi ya nusu ya saa zake ni za mazoezi. Siku ya kwanza huwa ndefu kupita kiasi, ya pili ndiyo inayobeba mzigo, na ya tatu huharibika mchana kwa sababu watu wameshaanza kuulizana habari za usafiri. Ukipewa ratiba mapema, hesabu vipindi ambavyo mshiriki atakuwa anaongea, anaandika au anakokotoa, kisha hesabu vile ambavyo atakuwa amekaa tu akitazama projekta. Kama vya kukaa ndivyo vingi, omba ratiba ibadilishwe au subiri awamu nyingine.

Kipimo chetu ni kimoja. Mshiriki akirudi kazini, je, anaweza kumsikiliza mwenzake mwenye shida na kuiandika ikaeleweka, kuchora ramani ya idara yake, na kukaa mbele ya msimamizi bila kupayuka wala kunywea, yote hayo bila kumpigia simu katibu kila baada ya nusu saa? Semina isiyomfikisha hapo ni mkutano mrefu wenye makabrasha.

Mambo huanza kwenda mrama kabla ya semina yenyewe, kwenye ruhusa. Vyama vingi humwachia mshiriki apambane peke yake na msimamizi wake. Pendekezo Na. 143 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1971, linasema mwakilishi apewe muda wa kuhudhuria mikutano ya chama, mafunzo na semina bila kupoteza mshahara wala marupurupu, huku suala la nani abebe gharama likiachwa liamuliwe na taratibu za nchi. Mkataba Na. 140 wa 1974, ule wa likizo ya masomo yenye malipo, nao unaitaja elimu ya vyama vya wafanyakazi waziwazi. Ni vizuri kuyajua hayo, lakini barua ya kuomba ruhusa isijengwe juu yake. Ijengwe juu ya kifungu cha mkataba wa hali bora (makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri) unaotumika mahali hapo, iandikwe na chama na si mshiriki, itaje tarehe na zamu zitakazoguswa, na imfikie mwajiri wiki 3 au zaidi kabla. Mshiriki wa zamu ya usiku aombewe pia usiku unaotangulia semina. Mtu aliyetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi na kuingia ukumbini saa mbili hana atakachokishika, na kiti chake ni kama kimekaa kitupu.

Idadi nayo ina uzito. Washiriki 15 hadi 24 na wawezeshaji wawili ni kiwango kinachofanya kazi. Wakifika 40, igizo dhima (zoezi la kuigiza mazungumzo ya kazini) hugeuka kuwa tamasha la watu watatu wakitazamwa na wengine, na wale waoga, ambao ndio waliohitaji semina zaidi, huondoka bila kufungua mdomo. Meza ziwe za watu watano au sita, si safu zinazotazama jukwaa. Katika wawezeshaji wawili, mmoja awe mtu aliyewahi kuwa mwakilishi kazini, si mwanasheria wa chama peke yake. Mwanasheria anajua kesi inavyoishia. Mwakilishi mkongwe anajua inavyoanzia, kwenye ngazi, chooni, au simu ya saa tano usiku.

Siku ya kwanza kwa kawaida ni historia ya chama, muundo wake na sheria. Hapa ndipo semina nyingi hutumia saa sita kwa jambo la saa mbili, na ndipo makabrasha ya zamani huleta makosa. Matatu hujirudia sana. La kwanza ni kabrasha linalosema mikataba ya msingi ya Shirika la Kazi Duniani ni 8. Tangu Juni 2022 ni 10, baada ya usalama na afya kazini kuingizwa kati ya haki za msingi pamoja na Mikataba Na. 155 na Na. 187. Ukiona 8, jua kabrasha halijaguswa tangu wakati huo, na uwe mwangalifu na kurasa zake nyingine pia.

La pili ni mwezeshaji kutangaza kwamba Mkataba Na. 87 wa 1948 "unasema kuna haki ya kugoma". Mkataba huo unalinda uhuru wa kuunda vyama na kujiunga navyo, lakini hauutaji mgomo. Haki ya kugoma imetokana na tafsiri ya vyombo vinavyosimamia utekelezaji wake, na upande wa waajiri umeipinga tafsiri hiyo kwa miaka mingi, hadi Novemba 2023 Baraza la Uongozi la shirika hilo likaamua kuipeleka hoja kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Mwanaharakati mpya hahitaji kuijua kesi yote. Anahitaji kujua tu kwamba masharti ya mgomo halali yako kwenye sheria ya nchi yake na mkataba wake wa hali bora: notisi ya siku ngapi, kura ya namna gani, huduma zipi haziruhusiwi kusimama. Anayeitisha mgomo kwa kunukuu Na. 87 anawaweka wenzake kwenye hatari ya kufukuzwa.

La tatu linafanana na hilo. Mikataba ya kimataifa huifunga nchi iliyoiridhia, na kwa kawaida haimfungi msimamizi wa karakana moja kwa moja. Ukienda mbele yake na namba za mikataba ya Geneva, yaliko makao makuu ya Shirika la Kazi Duniani, atatabasamu. Ukienda na kifungu cha mkataba alioutia saini mwajiri wake mwenyewe, atafungua faili. Mwezeshaji mzuri hupanga ngazi za silaha kwa mpangilio huo: mkataba wa hali bora kwanza, kisha kanuni za kampuni yenyewe na mazoea yaliyokubalika, kisha sheria ya nchi, na mwisho kabisa mikataba ya kimataifa. Zoezi la nusu saa linatosha kulifikisha hilo. Kila meza ipewe nakala ya mkataba halisi na maswali kumi (saa za ziada hulipwaje, malalamiko yawasilishwe ndani ya siku ngapi, nani ana haki ya kuhudhuria kikao cha nidhamu), kisha watafute kifungu na kusoma kwa sauti. Wengi hugundua hapo kwamba hawajawahi kuufungua mkataba wao. Ni bora kugundua ukumbini.

Siku ya pili ndiyo yenye thamani, na tutakaa nayo.

Asubuhi ni malalamiko. Kazi ya kwanza ni kutenganisha manung'uniko na malalamiko. Chakula kibaya kwenye mapumziko ni nung'uniko, hata kama ni la watu wote. Huwa lalamiko rasmi pale kinapoguswa kitu kinachoshikika: mkataba, sheria, kanuni ya kampuni, mazoea ya muda mrefu, au usawa wa kutendewa, yaani wawili wenye kosa moja kupewa adhabu mbili tofauti. Manung'uniko hayatupwi, maana mara nyingi ndiyo yanayowaunganisha watu, ila yanatatuliwa kwa shinikizo la pamoja na si kwa fomu.

Fomu yenyewe ina maswali yanayojulikana: nani, nini, lini, wapi, nani aliona, kifungu gani kimevunjwa, na anataka nini. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoachwa wazi. Mwakilishi mpya huandika aya tatu za uchungu na kusahau kuandika dai. Dai liwe linapimika: "alipwe saa 6 za ziada za tarehe fulani kwa kiwango cha kifungu fulani", si "atendewe haki". Tarehe pia huua kesi nyingi kuliko ukosefu wa ushahidi. Mikataba mingi huweka ukomo wa siku chache za kuwasilisha lalamiko tangu tukio litokee, kwa hiyo mwakilishi aliyesikiliza Ijumaa na kuandika wiki ya pili yake huenda amekwisha kushindwa kabla hajaanza. Semina inayogawa fomu tupu bila kuwafanya washiriki waijaze kwa kalamu na kubadilishana na meza ya jirani imefanya nusu ya kazi. Meza ya jirani ikishindwa kueleza kesi kwa kusoma fomu peke yake, fomu irudiwe.

Baada ya hapo ni igizo dhima, na hapa tofauti ya semina nzuri na mbaya huonekana waziwazi. Linalofanya kazi ni la watu watatu watatu: mfanyakazi, mwakilishi na mwangalizi. Dakika 7 za mazungumzo, dakika 5 za mrejesho, kisha wanabadilishana mpaka kila mmoja awe amekaa kwenye kila kiti. Kila anayecheza mfanyakazi apewe kadi yenye jambo moja analolificha, kwa mfano kwamba miezi miwili iliyopita alipewa onyo la maandishi. Mwakilishi asiyeuliza "kuna barua yoyote umewahi kupewa?" atalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza kwenye mdomo wa mwajiri, kikaoni, mbele ya watu. Bila kadi za namna hii, mfanyakazi wa kwenye igizo huwa malaika na msimamizi huwa shetani wa vichekesho, ukumbi unacheka, na hakuna anayejifunza kitu. Msimamizi achezwe na mtu mtulivu, mwenye hoja, mwenye faili mkononi. Wa kweli wako hivyo, na ndio wanaowashinda wapya.

Mwangalizi naye apewe vitu vichache tu vya kutazama: nani alizungumza zaidi, ni maswali mangapi yalikuwa ya wazi (yasiyojibika kwa ndiyo au hapana tu), na je, mwakilishi aliahidi matokeo? Kosa la kuahidi ("usijali, utarudi kazini") ndilo kubwa na linafanywa na karibu kila mgeni kwa nia njema. Kinachoruhusiwa kuahidiwa ni hatua inayofuata na siku ya kurudisha jibu.

Igizo la kikao cha nidhamu lina mtego wake. Wawezeshaji hufundisha mwakilishi kana kwamba ni wakili anayeweza kusema lolote, kumbe mipaka hutofautiana sana. Uingereza, sheria ya 1999 inamruhusu anayemsindikiza mfanyakazi kuhutubia kikao na kushauriana naye, lakini si kujibu maswali kwa niaba yake. Marekani, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1975 katika kesi ya Weingarten, mfanyakazi mwenye chama ana haki ya kuwa na mwakilishi kwenye mahojiano anayoamini kwa sababu za msingi kwamba yanaweza kuzaa adhabu, ila lazima aiombe mwenyewe. Mwajiri halazimiki kumkumbusha. Kwa hiyo swali la kumbana mwezeshaji ni hili: hapa kwetu, mwakilishi anaruhusiwa kufanya nini hasa ndani ya chumba hicho, na kimeandikwa wapi? Yaliyo salama karibu kila mahali ni kuomba tuhuma kwa maandishi, kuomba kuona ushahidi, kuomba muda wa kujiandaa, kuomba mapumziko mafupi mambo yanapochafuka, na kuandika maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa.

Mchana wa siku ya pili ni ramani ya mahali pa kazi. Kila mshiriki anachora idara yake kwenye karatasi ya bango kitita: mashine au meza, zamu, milango, mahali watu wanapokutana, kisha anaweka alama ya nani ni mwanachama, nani si mwanachama, na nani husikilizwa. Huyo wa mwisho mara nyingi si mwenye maneno mengi. Ni yule ambaye wenzake humwendea wanapotaka kujua namna ya kujaza fomu ya likizo. Baadhi ya vyama huwapa wafanyakazi daraja kuanzia 1 (anaongoza wengine) hadi 5 (anapinga waziwazi). Mfumo huo ni mzuri kwa sharti moja: daraja litokane na alichofanya mtu, yaani amesaini, amevaa beji, amekuja mkutanoni, wala si "nadhani yuko nasi". Ramani zilizojaa daraja la 2 kwa kukisia ndizo zinazowafanya viongozi wajione na nguvu wasiyokuwa nayo.

Hapo semina nyingi husahau usalama wa taarifa. Orodha ya nani ni mwanachama na nani ni mwoga haiwekwi kwenye kompyuta ya mwajiri, haitumwi kwa barua pepe ya kazini, na picha ya ramani hiyo haipaswi kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 80. Chini ya kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, uanachama wa chama cha wafanyakazi umewekwa kundi moja na taarifa za afya na dini, na hata pasipo na sheria kama hiyo sababu ni ileile. Karatasi zikusanywe mwisho wa kipindi, zisiachwe ukutani kwa wafagiaji.

Kipindi cha mazungumzo ya ana kwa ana, ambacho hufuata ramani, hukatwa muda kila mara, na ni hasara. Mpangilio wake si mgumu: msikilize ajue unamjali, tafuta jambo moja linalomuuma, muulize nani ana uwezo wa kulibadilisha, mweleze mpango, mwandae mapema kwa maneno ambayo mwajiri atamwambia, kisha mwombe afanye kitu kimoja chenye tarehe. Mwanaharakati azungumze si zaidi ya theluthi ya muda. Pagumu ni pale pa kuomba. Wapya huishia kwa "basi fikiria", kisha wanaandika kwamba mazungumzo yalikwenda vizuri. Baada ya kuomba, nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi ufanyiwe mazoezi ukumbini, maana hakuna anayeuweza mara ya kwanza.

Siku ya tatu ina majadiliano ya pamoja, afya na usalama, na mpango wa kazi. Majadiliano yana zoezi la timu mbili mezani, na hushindwa kwa sababu ileile: kila mtu anaongea. Timu iwe na msemaji mmoja, mwandishi mmoja, na mtu mmoja wa kuomba mapumziko ya mashauriano. Lakini kitu kinachotofautisha semina nzuri hapa ni hesabu. Nyongeza ya asilimia 6 wakati bei zimepanda kwa asilimia 8 ni hasara ya karibu asilimia 1.9 ya uwezo wa kununua, na mwanachama aelezwe hivyo. Nyongeza ya asilimia kwa wote hupanua pengo: kwa asilimia 5, mwenye 100 anapata 5 na mwenye 400 anapata 20, na tofauti yao inapanda kutoka 300 hadi 315. Mwajiri akisema "mwaka wa kwanza sifuri, wa pili asilimia 8, si sawa na nne na nne?", jibu liwe na namba. Kwa mshahara wa 100 kwa mwaka, njia ya kwanza humpa mfanyakazi 208 kwa miaka miwili, ya pili 212.16. Washiriki waifanye kwa simu zao, si kuonyeshwa kwenye slaidi.

Afya na usalama hupewa saa moja, wakati zingefaa kupewa tatu. Chora umbo la mwili mbele na nyuma, kila mtu abandike alama mahali panapomuuma, rangi moja kwa kila idara. Alama kumi kwenye mgongo wa chini kutoka idara moja ni hoja ambayo mtu mmoja mmoja asingeweza kuijenga. Kisha fuata mpangilio wa udhibiti: ondoa hatari, ibadilishe kwa isiyo kali, itenge kwa kizuizi, badilisha utaratibu wa kazi, na vifaa vya kujikinga viwe vya mwisho. Waajiri wengi huanzia mwisho kwa sababu glavu ni rahisi kuliko mashine mpya. Hapa pia ielezwe hali isiyofuata kanuni ya "fanya kwanza, lalamika baadaye", yaani kutii agizo la msimamizi kisha kulilalamikia: Ibara ya 13 ya Mkataba Na. 155 inamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa na ya papo hapo kwa uhai au afya yake. Maneno yote hayo yana uzito. Kuhisi tu kwamba kazi si nzuri hakutoshi, na msimamizi aarifiwe mara moja.

Mpango wa kazi wa kufungia semina ndio sehemu dhaifu kuliko zote. "Kuimarisha tawi" si mpango. "Kufikia tarehe 20 nimezungumza na watu 8 wa zamu ya usiku na nimeandika jambo wanalolitaja zaidi" ni mpango. Fomu ya tathmini inayouliza kama ukumbi ulipendeza haitasema kama semina imefaa. Kitakachosema ni simu ya mwezeshaji baada ya wiki 2, na kikao cha nusu siku baada ya wiki 6 hadi 8 ambapo kila mshiriki analeta lalamiko moja aliloliandika, majina yakiwa yamefichwa. Mwandaaji asiye na tarehe za mambo hayo mawili hajakamilisha semina, na ni haki kumuuliza kabla ya kujiandikisha.

Njoo na nakala ya mkataba wa hali bora, kanuni za nidhamu za mahali pako, na hati ya mshahara iliyofutwa jina. Ambaye ameshakuwa mwakilishi kwa zaidi ya mwaka na ameshaendesha malalamiko kadhaa hadi mwisho hapotezi kitu akiiruka siku ya kwanza. Aombe siku ya pili kama mwangalizi wa igizo dhima, kisha aende moja kwa moja kwenye mafunzo ya majadiliano ya pamoja.